Warusi wa Bungulu

Beni, Bungulu, 6 Mei 2000

Yaya Kaswera,

Salamu nyingi, dada yangu, na baada ya salamu, ugomvi.

Unaniandikia kwamba, katika mchezo wetu wa vita, Wafaransa wako wamevuka mto. Wamevuka vipi? Kete umerusha mwenyewe, jikoni kwako, bila shahidi, nayo imeangukia sita. Barua ya Pasaka pia ilikuwa sita. Ninyi Wakatoliki mna mtakatifu kwa kila jambo, sasa nimeamini mna hata wa kete. Lakini tulikubaliana kuaminiana, kwa hiyo nimewavusha. Maharage yanayosimama badala ya Wafaransa wako yamekaa upande wangu wa uzi wa bluu, ndio mto wenyewe, na unisamehe, kikosi kimoja kimepungua. Orpa alikosa maharage ya kuongeza chunguni akachota mezani. Nilipompigia kelele akasema mke wa mtu mwenye akili hawezi kuambiwa kwamba amewapika askari wa Napoleoni.

Jambo lililonifanya niandike ni lingine. Mimi ndiye ninayepaka rangi maduka yote ya Bungulu. Kinyozi, muuza dawa, fundi wa baiskeli, wote majina yao yametoka kwenye brashi yangu. Na jeshi langu mwenyewe liko uchi. Padre aliyetufundisha mchezo huu alipoligawa sanduku lake la sanamu kabla ya kufa, wewe na ndugu yetu Jacob mlipewa Wafaransa waliokwisha pakwa hadi vifungo. Mimi nilipewa Warusi, madini ya risasi tupu bila rangi, wa kijivu kama samaki waliokaushwa. Miaka yote nimesema nitawavisha. Safari hii nawavisha kweli, na sibuni. Unakumbuka Padre alivyokuwa mkali: askari aliyevaa rangi ya uongo alimtoa mezani, hata kama mchezo ungeharibika.

Nimekwisha anza uchunguzi. Yule rubani Mrusi anayeshusha sabuni na betri uwanja wa ndege, nilipaka jina kwenye depo yao, nikamuuliza askari wa nchi yake walivaa nini wakati wa Napoleoni. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za bibi yake. Akaagiza bia, mimi nikaomba fanta, akasema kwa Kifaransa chake cha kukatikakatika kwamba makoti yalikuwa ya kijani, kijani kilichokolea, karibu kiwe cheusi. Suruali hajui. Bendera hajui, ila ilikuwa na tai wa vichwa viwili, akanichorea kwenye pakiti ya sigara. Baada ya hapo alianza kuimba, nikaondoka.

Hiyo haitoshi. Wewe uko karibu na maktaba ya mapadre. Nitafutie bendera za askari wao wa miguu, rangi za kola, pindo za mikono, kila kitu. Barua mpe Vagheni, yule mwenye kamyo ya viazi, anapita kila wiki.

Mdogo wako,
Esdras Kitsa


Butembo, 14 Mei 2000

Mdogo wangu Esdras,

Kete ni kete. Ukiona nashinda, funga na kuomba, si ninyi mnaojisifu kuomba bila kitabu.

Nimekwenda maktaba mpaka wateja wangu wa kushonewa wamenuna. Kuna kamusi kubwa ya picha, kila herufi na juzuu lake. Nikachukua la R. Lilikuwa jepesi. Kufungua, vumbi tupu: mchwa wamekula Urusi yote, tangu jalada la mbele hadi la nyuma. Mchwa wa Butembo wamefanya kile Napoleoni alichoshindwa. Frère, bruda anayetunza vitabu, alitaka nirudi nyumbani. Nikamwambia Mrusi haishi kwenye R peke yake. Kama ana bendera, yuko kwenye D, drapeaux. Kama ana nguo, yuko kwenye C, costumes. Na kweli nilimkuta amejificha huko kote, picha ndogo kama stempu, nikazitazama kwa miwani ya frère naye akisubiri kurudishiwa.

Sikiliza basi. Koti ni kijani kilichokolea, rubani wako hakudanganya. Kola nyekundu, pindo za mikono nyekundu. Mikanda miwili myeupe inapishana kifuani. Suruali nyeupe wakati wa joto. Vipande vya begani vilikuwa na rangi tofauti kufuatana na kikosi, na hapo kitabu kinanyamaza, kwa hiyo mabega yaache wazi mpaka nijue. Usinifanyie ujanja wa kuyapaka rangi yoyote iliyobaki kwenye kopo la kinyozi.

Bendera ndizo zilizonishika. Msalaba mpana umeenea hadi kingo, na pembe nne zilizobaki zina rangi nyingine. Katikati duara la rangi ya chungwa, ndani yake tai mweusi wa vichwa viwili, na shada la majani limemzunguka. Kikosi kilikuwa na bendera moja yenye msalaba mweupe, na nyingine zenye msalaba wa rangi. Nimekuchorea nne kwa kalamu za rangi, kubwa, ili usiseme hukuona.

Utauliza kwa nini mwanamke mwenye nguo za harusi za watu mezani anakaa kuchora ndege. Nitakuambia. Jacob wetu alifuata bendera ya waasi mwaka wa tisini na sita, na buti za plastiki miguuni, akiimba. Hatukurudishiwa hata buti. Hatujui alizikwa amevaa rangi gani, wala nani alimzika, wala kama alizikwa. Nikiwaza hilo nachukia mpaka vidole vinakufa ganzi. Hawa wa risasi hatukuwajua, lakini hawa angalau tunaweza kuwavisha haki yao.

Michoro iko kwenye bahasha, bahasha iko kwa Vagheni, katikati ya viazi vya Masereka.

Yaya wako,
Kaswera


Beni, 18 Mei 2000

Yaya Kaswera,

Ni mimi Orpa, mke wa Esdras. Naandika mimi kwa sababu yeye wamemchukua.

Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani cha kuingia mjini, askari waliteremsha viazi vya Vagheni wakitafuta cha kula, wakakuta bahasha yako. Viazi wakavisahau. Waliziona zile bendera nne wakamwita mkubwa wao. Unajua tulivyo siku hizi: wakubwa wa waasi wanaotutawala wanagombana, kila msimu wa maharage unazaa kundi jipya, na kila kundi linakuja na bendera yake. Bendera wasiyoijua leo wanadhani ndiyo itakayowafukuza kesho. Vagheni alipigwa makofi hadi akataja nyumba yetu, na simlaumu.

Alikuja Komanda Zorobabel mwenyewe. Akakuta mezani Warusi wamepangwa mistari, maharage yamevuka uzi, na karatasi ya Esdras yenye maneno "kushambulia ubavu wa kushoto". Akaizunguka meza mikono mgongoni. Kisha akainua mchoro wako.

"Hii drapeau iko ya mouvement gani, ya kundi gani?"

"Iko ya Warusi ya zamani, chef. Basoda, jeshi ya miaka karibu mia mbili nyuma. Iko muchezo tu."

"Warusi banatafuta nini huku Beni?"

"Hapana Warusi ya sasa, chef. Bale balishakufa bote."

"Mais balikuona na pilote Mrusi, munakunywa."

"Mi nilikunywa fanta."

"Hii ndege iko na vichwa mbili. Kichwa moja iko nani? Ya pili iko nani?"

Esdras akacheka. Mimi namjua, hucheka akiogopa, lakini komanda hamjui. Walimpeleka palepale kwenye kasho, kile chumba cha wafungwa nyuma ya bureau, ofisi yao, na Warusi wakawatia guniani kama mahindi.

Mchezo wenu sikuupenda hata siku moja. Mtu mzima mwenye watoto anapanga sanamu. Leo sina nguvu ya kuwagombeza. Nipe tu neno la kumwambia mtu yule ili aelewe.

Orpa


Beni, 23 Mei 2000

Kwa Madame Kaswera,

Mimi Esdras niko salama. Ninakula vizuri na kulala vizuri. Chef ananitendea kama baba na mtoto. Hana neno baya nasi, anataka tu kujua ukweli wa mouvement yetu.

Kwa hiyo uje Beni upesi. Lete sanduku lako lote, vitabu vyote na bendera zote, na uje na wenzetu wa Butembo, hasa wale wakubwa. Hakuna atakayekugusa. Ili tusipotezane, nakukumbusha tuliyokubaliana: Warusi wana makoti ya bluu na suruali za manjano, na Wafaransa ndio wa kijani. Mabega yote ni meupe, usihangaike kutafuta zaidi.

Ni mimi,
Esdras Kitsa


Butembo, 28 Mei 2000

Orpa, mdogo wangu,

Karatasi hii inakuja ndani ya kitenge cha mwanamke wa soko. Ukishaisoma, ichome.

Mumeo ameniandikia kwamba Warusi wana makoti ya bluu. Esdras, aliyewaacha uchi miaka yote hiyo kuliko kuwapaka kwa kubahatisha. Angekunywa kopo zima la rangi kabla ya kuandika hivyo kwa hiari yake. Kuna mtu alisimama nyuma yake akimtajia maneno, naye akaniambia kwa njia yake mwenyewe: usije. Siji. Roho imekwisha panda kamyo, mwili nimeuzuia.

Neno la kumwambia komanda ninalo, ila usilibebe wewe. Nimemwandikia mwenyewe.

Kaswera


Butembo, 28 Mei 2000

Komanda Zorobabel,

Ulinialika kwa mkono wa Esdras, nami nakujibu bila kupita kwake. Siji.

Unamtafuta mkuu wa kundi letu. Kundi letu lilikuwa watu watatu na padre mzee. Padre alikufa kwa kifua. Jacob, ndugu yangu, mlimla ninyi wenye bendera, sijui ninyi wa zamani au ninyi wa sasa, kwangu mmefanana. Tumebaki wawili, mshona nguo na mpaka rangi, na silaha zetu ni kete na maharage. Ukitaka kumfunga mtu kwa sababu ya maharage, anza na Lubero nzima inayoyalima.

Tai yule alikuwa wa Kaisari wa Urusi. Kama wewe umewaona ndani yake wakubwa wako wawili wanaogombana, hilo si kosa la ndege.

Unataka kujua kwa nini tunazipenda bendera hizi. Waliokufa chini yake walikwisha kufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Hakuna tena mtoto wa mtu atakayeitwa nazo. Nionyeshe katika nchi hii bendera nyingine isiyoita mtoto wa mtu, nitaishona bure.

Mwachie Esdras. Ana ukuta wa duka la dawa ambao haujamalizika.

Kaswera, mshona nguo


Beni, le 10 juin 2000

Madame Kaswera,

Mbote. Barua yako nimesoma, na secrétaire wangu amesoma, na tumecheka. Uko na mudomo. Mi hapana mutu ya kukasirikia mwanamuke.

Situation imebadilika. Bakubwa bamegawanyika, bamoja huku, bengine kule, na bote hapana kulipa basoda. Donc mi nimetoka. Niko na mouvement yangu mwenyewe, nitaitangaza trente juin, siku ya uhuru, hapa Beni, mbele ya raia na radio. Tuko na basoda, tuko na cachet ya kupiga muhuri, tuko na communiqué ya kusoma ku radio. Tunakosa drapeau. Mouvement bila drapeau iko sawa na chef bila suruali.

Ile ndege yako nimeibandika ku mur, ku ukuta ya bureau. Kila asubuyi naitazama. Kichwa moja inaangalia Beni, ingine inaangalia Butembo. Esdras alinieleza hawa Warusi balimurudisha Napoléon ku kwabo na baridi. Hiyo ndiyo drapeau ya mutu kama mi. Na weye mwenyewe uliandika utashona bure. Nimekamata neno lako. Shona tatu, kubwa, musalaba mweupe, kona kijani. Zifike mbele ya trente juin. Siku hiyo kila avenue ya Bungulu italeta bijana kumi, bataapa chini yake.

Ukileta, Esdras anarudi ku bibi yake. Ukikataa, yeye ndiye wa kwanza ku front, ku vita. Likambo te, hapana matata, chagua.

Komanda Zorobabel
Président a.i., ya muda


Butembo, 15 Juni 2000

Orpa, mdogo wangu,

Usimwambie Esdras. Nimekata kitambaa.

Msalaba nimeutoa kwenye pamba nyeupe ya nguo za harusi, pembe kwenye kijani nilichokuwa nimewawekea wanakwaya. Nimekata bila kupima mara ya pili, mimi ninayewagombeza wanafunzi wangu wa kushona kwa jambo hilo. Msalaba umekwisha, pembe mbili zimeshonwa. Ni bendera nzuri, na hilo ndilo linaloniumiza. Nikifumba macho namwona Jacob anaikimbilia.

Nikifumbua macho namwona Esdras. Jacob nilishindwa kumshika hata shati. Huyu nina sindano ya kumshikia. Wanawake wa Bungulu wataniita jina baya, waniite. Mungu akiniuliza nitamjibu kwamba alinipa ndugu wawili, na sikutaka kumrudishia wote.

Kaswera


Kasho, Beni, 19 Juni 2000

Yaya,

Naandika kwenye karatasi ya sigara. Orpa ataitoa humu ndani ya majani aliyofungia bugali. Nilimuuliza kama umekubali kushona, akatazama chini, basi nimejua.

Usishone. Kama umeshona, fumua.

Kasho inapakana ukuta na bureau ya komanda, nasikia kila kitu. Jana waliandika majina ya vijana wa avenue yetu. Mwana wa Élise, muuza makala ya kupikia, yumo, yule mwenye pumu, asiyeweza kupanda kilima bila kukaa. Watasimamishwa mbele ya kitambaa chako na kuimbishwa. Wewe unajua kuliko mtu yeyote kitambaa kizuri kinavyofanya kazi. Kibaya watakikimbia. Kizuri watakifuata.

Ukinitoa humu kwa bendera hiyo, nitapita vipi mlangoni kwa Élise? Hakuna njia nyingine ya kwenda nyumbani kwangu, unajua palivyo. Mimi si wa kununuliwa kwa mita tatu za pamba, Yaya. Nakataa. Kama ni front, nitakwenda front nikiwa mtu ambaye watoto wangu wanamjua.

Usinililie. Ukinililia utaanza kushona tena.

Esdras


Butembo, 23 Juni 2000

Komanda,

Huku Butembo yuko komanda mwingine, na ninyi wawili hamsalimiani, kwa hiyo usiwatume watu wako kunitafuta. Si yeye anayenipa jeuri. Hata yeye akiniletea bendera yake nitamjibu hivihivi.

Nilianza kuishona yako, nakuambia wazi. Msalaba ulikuwa tayari. Jana nimeufumua wote kwa wembe, nyuzi zimejaa sakafuni. Ule weupe umekuwa gauni la komunyo la Joyeuse, binti wa jirani yangu. Kijani kimekuwa aproni za wanafunzi. Hakuna kilichobaki cha kukutosha hata leso.

Nilisema nitashona bure bendera isiyoita mtoto wa mtu. Wewe mwenyewe umeandika kwamba hii itaita vijana kumi kwa kila avenue. Neno langu bado limesimama, wewe ndiye uliyeshindwa kulifikia.

Wala usihangaike na mafundi wa Beni. Nimewatumia salamu, na wanawake wa soko wamezifikisha. Nasikia ugonjwa umeingia kwenye mashini zote za kushonea za mji, huyu sindano, yule mkanda, mwingine pedali. Pole sana.

Kuhusu Esdras, unajua hakufanya kitu. Ukimpeleka front, ni wewe umempeleka, si mimi. Nimelia juu ya hilo hadi machozi yakaisha, na sasa nakuandikia macho makavu.

Sishoni.

Kaswera


Beni, Bungulu, 4 Julai 2000

Yaya Kaswera,

Mkono unaoandika ni wa Orpa. Maneno ni yangu, Esdras. Niko nyumbani.

Trente juin walinitoa kasho asubuhi wakanipa shati safi. Nilijua ni front. Kumbe ni kiwanja cha mpira. Raia walikuwa wamekusanywa, vijana wamepangwa mstari, mwana wa Élise mbele kabisa, anahema. Komanda alikuwa amezunguka mji mzima bila kupata mashini moja nzima. Mwishowe alichukua shuka ya kitanda chake, akampa askari mmoja rangi ya milango, akamwambia achore. Yaya, ungelia. Pembe tatu za kijani, ya nne rangi iliwaishia. Msalaba umeinama kama mtu anayelala basini. Na yule tai alikuwa kuku, kuku wa vichwa viwili, vyote vinatazama chini kama vinatafuta mtama.

Mtu wa redio alikuwepo na mikrofoni yake. Komanda akanisukuma mbele, akawaambia watu kwamba huyu ni spécialiste, atawaeleza drapeau ya Warusi waliomshinda Napoleoni. Kisha akaninong'oneza: "Sema muzuri, unaenda ku nyumba leo leo."

Lilikuwa neno moja tu. Orpa alikuwa amesimama karibu, ningeweza kumshika mkono. Nikafikiri, niseme ni nzuri, nani atanilaumu, wengine wamesema makubwa zaidi kwa sahani ya wali. Kisha nikamsikia yule kijana anavyohema. Nikaishika mikrofoni.

"Musalaba iko mubaya. Kona iko mubaya. Huyu hapana tai, iko kuku. Raia, hii hapana drapeau, iko drap, shuka ya kitanda ya chef. Mwende ku manyumba yenu."

Aliyecheka kwanza ni mama mmoja, nyuma kabisa. Halafu kiwanja kizima. Halafu vijana kwenye mstari. Mwishowe askari wa komanda mwenyewe, wale ambao hawajalipwa, walicheka hadi wakashikana mabega, na mstari ukavunjika, kila mtu akachukua njia yake, mwana wa Élise polepole kama kawaida yake. Hakuna aliyefyatua bunduki. Wenye bunduki walikuwa wanapangusa machozi.

Komanda peke yake hakucheka. Alinyang'anya bunduki ya mlinzi wake akanipiga kwa kitako. Nilikinga kichwa, ukavunjika mkono wa kulia, na vidole. Siku hiyohiyo aliondoka na jeep moja kuelekea kaskazini, na tangu hapo hakuna anayejua yeye ni rais wa nini. Warusi wangu nimerudishiwa ndani ya gunia lao. Maharage yako yote askari waliyala, kwa hiyo jeshi lako limekwisha, na usidhani nitakubali uanze upya kwa kete ya jikoni.

Daktari anasema huenda mkono huu usishike brashi tena. Nimemwambia ninao mwingine. Wewe bado una deni la rangi za mabega ya Warusi. Rudi kwa frère, pekua herufi zote, mimi nitafanya yangu kwa kushoto. Watatuletea bendera nyingine, Yaya, najua, pengine kabla mvua hazijaanza. Watukute tuko kazini.

Mdogo wako,
Esdras


Yaya, sasa amelala, na haya ni yangu mimi Orpa.

Nimeandika yote kama alivyosema, isipokuwa mambo mawili niliyoyaacha. Alitaka niandike kwamba mkono hauumi. Unauma, nimemwona anavyouma mto wa kulalia. Alitaka pia niandike kwamba pale mbele ya watu hakuogopa. Hilo nimelikataa. Nilikuwa karibu, nilimwona kwa macho yangu. Miguu ilimtetemeka hadi suruali ikawa inacheza, na bado akasema.

Orpa